Namna ya Kuvuna na Kutumia Hipofae, Kichaka cha Miiba cha Pwani za Ulaya Kaskazini

Kwenye fukwe za Bahari ya Baltiki na Bahari ya Kaskazini huota kichaka cha miiba chenye majani membamba ya rangi ya fedha na matunda madogo ya rangi ya chungwa, ambayo hubanana kwenye tawi kiasi kwamba gome halionekani. Jina lake la kitaalamu ni Hippophae rhamnoides, nami hapa nitakiita hipofae. Wajerumani hukiita Sanddorn, Waswidi havtorn, Wafini tyrni na Warusi oblepikha, na hayo ndiyo majina utakayoyakuta kwenye chupa na pakiti madukani. Mwongozo huu umekusudiwa hasa kwa wasomaji wa Kiswahili wanaoishi katika nchi hizo, ambao hukipita kichaka hiki kila mwaka bila kujua kwamba kinaweza kuwapa juisi, jamu, chatne, mafuta ya ngozi na kiungo cha kutia uchachu kwenye mchuzi. Nitakaa zaidi kwenye uvunaji kuliko kwenye mapishi, kwa sababu namna unavyovuna ndiyo inayoamua ladha ya utakachokipika, uhalali wa kazi yako na kama kichaka hicho kitazaa tena baada ya wewe kuondoka.

Kukitambua kichaka

Hipofae kwa kawaida hufikia kimo cha mita 2 hadi 4. Majani yake ni membamba na marefu, ya kijani cha kijivu kwa juu na ya rangi ya fedha kwa chini. Matunda yana umbo la yai dogo lenye urefu usiofika sentimita moja, hayana kikonyo cha kuonekana, na ngozi yake ina vidoa vidogo vya kahawia ambavyo huonekana ukisogeza jicho karibu. Ukilipasua tunda utakuta mbegu moja tu, ya kahawia iliyoiva na inayong'aa. Alama hii ya mbegu moja ni muhimu sana, kwa sababu katika bustani na kando ya barabara za Ulaya hupandwa kichaka kingine cha mapambo, Pyracantha, ambacho nacho kina miiba na matunda ya rangi ya chungwa. Cha pili hiki kina majani ya kijani yanayong'aa hata wakati wa baridi, matunda yake huning'inia kwa vikonyo katika mafungu, chini ya kila tunda kuna kijitaji kama cha tufaha, na ndani mna mbegu kadhaa ambazo hazifai kutafunwa. Ukiwa na shaka yoyote, acha.

Si kila hipofae huzaa. Mmea huu una dume na jike, na maua ya dume hutoa chavua inayopeperushwa na upepo wakati wa machipuko, kabla majani hayajafunguka. Kwa hiyo kichaka kisicho na tunda hata moja katikati ya vilivyosheheni hakina ugonjwa. Ni dume, na bila yeye majirani zake wasingezaa.

Mahali pa kuvuna na ruhusa

Hipofae hupenda jua na ardhi iliyo wazi. Mizizi yake ina vinundu vinavyokaliwa na bakteria waitwao Frankia, ambao huchukua naitrojeni kutoka hewani na kuulisha mmea, na ndiyo maana huweza kustawi kwenye mchanga mtupu na kokoto zilizorushiwa maji ya chumvi. Katika Ghuba ya Bothnia, kati ya Sweden na Finland, ardhi bado inainuka kidogo kidogo tangu theluji nzito ya zama za barafu ilipoyeyuka, kwa kiasi kinachokaribia milimita 9 kwa mwaka, na kila ufuko mpya unaojitokeza baharini huwa makao ya hipofae kwa muda, mpaka miti mirefu zaidi inapokuja kukitia kichaka hicho kivuli na kukikausha. Hivyo kitafute ukingoni mwa maji, wala usipoteze siku yako msituni.

Mizizi hiyo pia hushika mchanga usihame, na uwezo huo ndio unaomletea mvunaji masharti. Vilima vya mchanga vya pwani ni kinga ya vijiji dhidi ya bahari, na katika sehemu kubwa ya pwani ya Baltiki ya Ujerumani hairuhusiwi kuvikanyaga nje ya njia zilizowekwa. Sheria ya Ujerumani ya kulinda mazingira humruhusu mtu kuchuma matunda ya porini kwa kiasi kidogo kwa matumizi yake mwenyewe mahali ambapo kuingia si marufuku, lakini katika hifadhi za taifa na hifadhi nyingine za asili masharti huwa makali zaidi, na sehemu za kisiwa cha Hiddensee, ambacho kinajulikana sana kwa hipofae, zimo ndani ya hifadhi ya taifa. Sweden na Finland zina desturi ya kisheria inayompa kila mtu, hata mgeni, haki ya kuchuma matunda ya porini katika ardhi isiyo yake, mradi asiingie kwenye ua wa nyumba ya mtu wala kuharibu mimea. Kukata au kuvunja tawi la mti ulio hai hakumo katika haki hiyo. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu njia rahisi kuliko zote ya kuvuna hipofae ni kukata tawi zima, na wengi huifanya wakidhani kwamba kichaka cha porini hakina mwenyewe.

Wakati wa kuvuna

Matunda huiva kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Oktoba, kutegemea mahali na aina. Ajabu yake ni kwamba yakishaiva hayaanguki, bali hung'ang'ania tawini hata miezi ya theluji, na hilo humfanya mtu adhani kwamba hakuna haraka. Haraka ipo. Tunda lililoiva karibuni ni gumu kidogo, huchumika bila kupasuka, na uchachu wake una harufu nzuri inayokaribia ya nanasi. Likikaa wiki nyingi hulainika, hupasuka likiguswa, na baadaye huanza kuchachuka na kutoa harufu ya kutapisha ambayo sukari haiwezi kuiondoa. Kwa kuchuma kwa mkono, wiki mbili au tatu za mwanzo baada ya rangi kukolea ndizo bora. Kuna wanaosubiri baridi kali ya kugandisha, wakatandika shuka chini ya kichaka na kuyagonga matawi ili matunda yaliyoganda yadondoke. Njia hiyo hufaulu asubuhi yenye jalidi kali ikiwa matunda bado ni mazima, lakini kabla ya kutandika shuka onja na unuse kwanza.

Chunguza pia kama matunda yana funza. Nzi mmoja mdogo, Rhagoletis batava, hutaga mayai ndani ya tunda, na katika miaka ya karibuni ameharibu mazao mengi Ujerumani na nchi jirani. Tunda aliloliingia hubaki kama ganda lililosinyaa na kupauka. Kichaka chenye maganda mengi ya namna hiyo hakifai kuvunwa.

Namna za kuvuna

Vaa nguo ya mikono mirefu usiyoijali, kwa kuwa doa la hipofae halitoki kwa urahisi, na viatu vilivyofunika miguu. Miiba ni mirefu na migumu, nayo huota kwenye ncha za matawi, kwa hiyo hatari kubwa ni ya macho unapoinama. Miwani ya kawaida hutosha kuyakinga. Mwiba ukichoma na ncha ikakatikia ndani, itoe siku hiyo hiyo na uoshe jeraha vizuri, maana huvimba na kuuma kwa siku nyingi. Glavu nene za bustanini hazisaidii sana, kwani zinakunyima hisia ya vidole na utapasua matunda zaidi ya utakayochuma. Glavu nyembamba za mpira, zile za kuoshea vyombo, ndizo zinazofaa, kwa sababu licha ya miiba kuna juisi yenye tindikali inayowasha kila mchubuko mkononi.

Njia ya kwanza ni kuchuma tunda moja moja. Shika ncha ya tawi kwa mkono mmoja, liinamishe juu ya ndoo iliyofungwa kiunoni, kisha kwa kidole gumba cha mkono mwingine sukuma tunda kutoka nyuma kuelekea ncha, ukilibingirisha badala ya kulivuta. Wengine hutumia kikoleo kidogo au uma wa mezani wenye meno yaliyokaribiana. Kazi hii ni ya polepole mno, na anayeianza anapaswa kujua hivyo: kilo moja kwa saa ni mavuno mazuri kwa mtu mmoja. Hata hivyo, ndiyo njia inayokupa matunda mazima ya kugandisha na kuyapanga juu ya keki au uji, nayo haikiachii kichaka jeraha lolote.

Njia ya pili ni kukamua. Hapa hutafuti tunda zima bali juisi. Ukiwa na glavu, lizungushie tawi vidole karibu na shina, kaza taratibu na kuvuta kuelekea ncha, na juisi, ngozi na mbegu vimiminike ndani ya ndoo pana iliyo chini. Huenda haraka mara kadhaa kuliko kuchuma, nayo hufaa zaidi mwezi wa Oktoba matunda yakishalainika lakini kabla hayajaharibika. Majani na vijiti vitaingia ndooni, navyo vichujwe siku hiyo hiyo. Usitumie ndoo ya alumini, kwa kuwa tindikali ya hipofae huila na kuipa juisi ladha ya chuma. Plastiki ya chakula, kioo au chuma kisichoshika kutu ni salama.

Njia ya tatu, ya kukata matawi, waachie wenye mashamba na bustani zao. Wakulima wa Ujerumani hukata matawi yaliyozaa, huyagandisha kwa baridi kali sana, kisha huyatikisa kwa mashine mpaka matunda yatoke kama kokoto. Mwenye vichaka nyumbani anaweza kufanya vivyo hivyo kwa kukata matawi mafupi, kuyalaza kwenye friza usiku kucha na kuyagonga ndani ya beseni kesho yake kabla hayajayeyuka. Lakini lazima aelewe kwamba hipofae huzaa kwenye tawi la mwaka uliopita, hivyo sehemu iliyokatwa leo haitatoa tunda mwaka ujao, bali mwaka unaofuata. Ndiyo maana wenye mashamba hugawa safu zao na kuvuna kila kichaka kwa zamu.

Popote uvunapo, usimalize. Matunda haya ni chakula cha ndege katika miezi ambayo ardhi imefunikwa na theluji, na matawi ya juu usiyoyafikia ni haki yao.

Jikoni

Kosa la kawaida la anayekula hipofae kwa mara ya kwanza ni kulitafuna kama zabibu. Tunda hili lina tindikali nyingi na sukari kidogo, kwa hiyo ni kiungo zaidi kuliko tunda la kula mkononi. Ukilipokea kama unavyopokea ukwaju, utajua mara moja la kulifanyia.

Ili kupata juisi, osha kilo moja ya matunda, yatie kwenye sufuria ya chuma kisichoshika kutu pamoja na maji nusu kikombe, na uyapashe moto mdogo huku ukikoroga mpaka yapasuke, bila kuacha yachemke. Yamimine kwenye chujio la matundu madogo na uyaponde kwa mgongo wa mwiko hadi machicha yakauke. Utapata zaidi ya nusu lita ya juisi nzito. Usiyasage kwa blenda, kwani mbegu zikivunjika huleta uchungu. Ukiiacha juisi ikatulia, hujitenga katika matabaka: juu hupanda mafuta ya rangi ya chungwa iliyokoza, chini hutuama mashapo, na katikati hubaki maji yaliyopauka. Haijaharibika. Tikisa chupa kabla ya kumimina.

Juisi unayotaka kuiweka, igandishe kwenye trei ya vipande vya barafu kisha uvihamishie kwenye mfuko. Kipande kimoja hutosha bilauri moja ya maji yenye asali. Friza huhifadhi vitamini C kuliko kupika, na vitamini hiyo ndiyo sababu kubwa ya watu wa kaskazini kulithamini tunda hili. Kiasi chake hutofautiana sana kati ya aina na aina, lakini matunda ya pwani za kaskazini mara nyingi huwa na miligramu 100 hadi 300 katika kila gramu 100, ilhali chungwa lina takriban 50. Asiye na nafasi kwenye friza aipashe juisi hadi nyuzi 80, aitie sukari gramu 500 kwa kila lita, na kuifunga ingali moto kwenye chupa zilizochemshwa.

Kwa jamu, hipofae peke yake haigandi vizuri, kwa hiyo huchanganywa na matufaha. Chemsha nusu kilo ya matufaha yaliyomenywa na kukatwakatwa kwa maji kidogo hadi yalainike, yaponde, tia sukari gramu 600, na uache yachemke dakika 10 hivi huku ukikoroga. Nusu lita ya juisi ya hipofae itie mwishoni, ichemke pamoja dakika tatu tu, kisha ujaze kwenye mitungi. Ukiitia mapema, rangi hufifia na harufu nzuri hupotea na mvuke.

Kwenye mchuzi wa samaki wa nazi, vijiko vitatu vya chakula vya juisi hutosha nusu kilo ya samaki mwenye nyama nyeupe. Itie sufuria ikiwa imeshateremshwa motoni, ukikoroga upande mmoja, kwa sababu tindikali hii ni kali na tui litakatika likiwa linatokota. Kwa chatne ya kulia bajia na viazi karai, saga bakuli moja la machicha yaliyokwisha kutolewa mbegu, punje mbili za kitunguu saumu, pilipili mbichi, chumvi na sukari kijiko kimoja, ulegeze kwa juisi kidogo. Kwa maoni yangu hapa ndipo hipofae hung'ara kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa mafuta yake ya asili huifanya chatne iwe laini bila kutiwa kitu kingine.

Majani nayo hayatupwi. Majani machanga ya Juni na Julai, yakikaushwa kivulini, hutoa chai nyepesi yenye ukakasi kidogo. Nayo waweza kuyachukua kwenye dume lililopogolewa bila kupunguza mavuno.

Mafuta, na tahadhari zake

Mafuta yanayouzwa madukani ni ya aina mbili: ya nyama ya tunda, ambayo ni mekundu na yana wingi wa asidi ya palmitoleiki (aina mojawapo ya asidi za mafuta), na ya mbegu, ambayo hupauka zaidi na muundo wake ni mwingine. Nyumbani huwezi kukamua aina hizo, lakini unaweza kutengeneza mafuta ya kupaka kwa desturi ya Kirusi. Kausha machicha kwa joto dogo mpaka yasiwe na unyevu hata kidogo, yasage, yafunike kwa mafuta ya alizeti, yaweke kwenye bakuli lililo juu ya maji ya moto yasiyochemka kwa saa kadhaa, kisha yaache yatulie wiki moja gizani na uyachuje kwa kitambaa. Unyevu ukibaki, mafuta huota ukungu. Ndiyo sababu ya kusisitiza kukausha. Hulainisha viganja na visigino vilivyopasuka kwa baridi, lakini hutia rangi shuka na nguo, kwa hiyo yapake usiku kwa kiasi kidogo na uvae soksi kuukuu.

Kuhusu tiba, madai yanayosambazwa ni mengi kuliko ushahidi. Watafiti wa Turku, Finland, walichapisha mwaka 2010 utafiti ambao watu wenye macho makavu waliomeza mafuta ya hipofae walipata nafuu kiasi wakati wa majira ya baridi. Hiyo ni nafuu, wala si dawa ya saratani au kisukari, na anayekuuzia kwa maneno hayo anakudanganya. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwulize daktari kabla ya kumeza mafuta haya. Mwenye vidonda vya tumbo aiepuke juisi. Wengine wote wainywe ikiwa imezimuliwa, na wasipige mswaki papo hapo baada ya kunywa, kwa kuwa tindikali hulainisha meno kwa muda.

Kupanda mwenyewe

Mwenye kiwanja chenye jua, kisichotuamisha maji, na kilicho katika nchi yenye majira ya baridi, anaweza kupanda. Msomaji aliye Tanga au Lamu asinunue mbegu zinazotangazwa kwenye intaneti, kwa sababu mmea huu huhitaji miezi ya baridi kali ili uchipue na kutoa maua ipasavyo. Na popote Ulaya, uliza kwanza kama hipofae ni mwenyeji wa eneo lako. Nchini Ireland na katika pwani za magharibi za Uingereza kililetwa na watu, kikaenea kwa machipukizi ya mizizi na kufunika vilima vya mchanga vyenye mimea adimu, na leo watunzaji wa mazingira hufanya kazi kubwa kukiondoa.

Nunua miche iliyozalishwa kwa vipandikizi na yenye jina, kwa sababu miche ya mbegu haionyeshi jinsia yake kwa miaka kadhaa, na karibu nusu yake huwa dume. Aina za Kijerumani kama Leikora na Hergo ni jike, na Pollmix ni dume la kuzichavusha. Dume moja hutosha jike sita hivi, likipandwa upande unakotoka upepo wa machipuko. Kama umerithi vichaka usivyovijua, vichunguze wakati wa baridi: matumba ya dume ni makubwa na yamepandana magamba kama koni ndogo ya msonobari, na ya jike ni madogo yenye magamba mawili. Acha mita 2 kati ya mche na mche. Usitie mbolea ya naitrojeni, na usilime karibu na shina, maana mizizi hukimbia juujuu na kila jeraha la jembe hutoa chipukizi jipya lenye miiba. Machipukizi hayo yang'oe yangali laini, kwa kuyavuta badala ya kuyakata.

Matunda ya kwanza huonekana mwaka wa tatu au wa nne. Kuanzia hapo pogoa mwishoni mwa majira ya baridi, ukiondoa matawi yaliyokauka katikati na kufupisha theluthi moja tu ya yale yaliyozaa, ili theluthi mbili zilizobaki ziendelee kukupa mavuno wakati hizo nyingine zinajijenga upya.